HAKI YA NJIA: MEZA ZA MAIN STREET WAKATI WA BARIDI

Safu ya kila mwezi: MJI TUISHIO



Ndugu wasomaji wa Houston, wa Dallas, wa Fort Worth na vitongoji vyake, mwezi huu tunakusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kuonekana halituhusu: kufungwa kwa barabara ya katikati ya mji ili watu wapate kukaa nje na kula katika majira ya baridi. Huenda msomaji akajiuliza, sisi tunaotoka kazini usiku tukiwa hoi, tunaokaa mbali na katikati ya mji, tunaotazama mara mbili kila chakula kabla ya kukitia kinywani, tuna hisa gani katika meza zilizotandikwa Main Street? Jibu ni kwamba tuna hisa, tena kubwa. Barabara ni mali ya umma, nasi ni sehemu ya umma huo. Tunalipa kodi ya mauzo kwa vitu vingi tununuavyo, na kodi ya nyumba tunailipa ama moja kwa moja, ama kwa kupitia mwenye nyumba aliyetupangisha. Barabara inapobadilishwa matumizi, aliyenyamaza hukuta mambo yamekwisha kuamuliwa.

HABARI YENYEWE

Main Street ya Houston ni miongoni mwa barabara kongwe za mji ule. Huanzia Allen's Landing, pale Buffalo Bayou inapokutana na White Oak Bayou, mahala ambapo ndugu wawili wa ukoo wa Allen walianzisha mji mwaka 1836 na ambapo mashua za biashara zilitia gati. Tangu tarehe 1 Januari 2004 treni ya umeme ya METRORail imekuwa ikipita katikati ya barabara hiyo, na magari yakaachiwa njia moja tu kila upande.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watu kukaa ndani, mikahawa mingi ilikaribia kufunga milango. Halmashauri ya Mji wa Houston, wakati wa Meya Sylvester Turner, ikapitisha mpango ulioitwa More Space. Kwa mpango huo sehemu ya Main Street ilifungwa kwa magari, na wenye mikahawa wakaruhusiwa kutoa meza zao hadi barabarani. Treni iliendelea kupita, na barabara zinazokatiza hazikufungwa. Jambo lililoanza kama dawa ya dharura likaongezewa muda mara kadhaa, na hatimaye mwaka 2025, wakati wa Meya John Whitmire, Halmashauri ikaidhinisha kwamba vipande saba vya barabara hiyo, kutoka Commerce hadi Rusk, viwe vya waendao kwa miguu moja kwa moja. Azma ilikuwa sehemu ya kwanza ya kazi iwe tayari kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2026, ambalo Houston ilipangiwa mechi 7 na uwanja wa Arlington, kati ya Dallas na Fort Worth, mechi 9.

Wenzetu wa kaskazini mwa Texas nao wameonja jambo hili kwa namna nyingine. Fort Worth ilifunga kipande kimoja cha Main Street yake na kukiunganisha na viwanja viwili vilivyokuwa maegesho ya magari, na Novemba 2013 ukafunguliwa uwanja wa Sundance Square, wenye chemchemi za maji na miamvuli minne mikubwa. Dallas yenyewe, Oktoba 2012, ilifungua Klyde Warren Park, bustani ya ekari zipatazo 5 iliyojengwa juu ya barabara kuu ya Woodall Rodgers. Magari yanapita chini, watoto wanacheza juu, na magari ya chakula yamejipanga ukingoni.

KWA NINI BARIDI?

Aliyefika juzi kutoka Michigan au Minnesota atashangaa kusikia kwamba watu hukaa nje na kula mwezi wa Januari. Lakini sisi wa Texas tunajua kwamba majira magumu hapa ni ya joto. Mwezi wa Agosti joto la mchana la Houston hufikia takriban nyuzi 35 za Selsiasi, na unyevu wa Ghuba ya Meksiko hulifanya liwe kama mvuke wa chungu cha wali. Mwezi wa Januari, kinyume chake, mchana huwa takriban nyuzi 17 na usiku hushuka hadi nyuzi 7 hivi. Dallas na Fort Worth huwa chini kidogo ya hapo. Hali hiyo aliyekulia Lushoto au Limuru ataitambua: ni ya sweta na chai ya tangawizi, wala si ya kujifungia ndani.

Tofauti iko katika upepo. Kwetu pwani kaskazi huja na joto, na zamani ilikuja na majahazi ya Maskati na Ghuba, yaliyosheheni tende na mazulia. Huku upepo wa kaskazini huja na baridi, tena kwa ghafla: asubuhi umetoka na shati, alasiri unatafuta koti. Kwa hiyo anayetaka kula nje wakati huu hana budi kuutazama utabiri wa hewa kama nahodha anavyolitazama wingu.

Joto hilo la kiangazi ndilo lililowafanya watu wa Houston waingie chini ya ardhi. Tangu miaka ya 1930 wenye majumba walianza kuunganisha majengo yao kwa njia za chini, na leo njia hizo zina urefu wa zaidi ya maili 6, zikiwa na maduka, vinyozi na mikahawa yenye hewa baridi. Wafanyakazi wa maofisi hushuka humo adhuhuri, wakala, wakarudi juu kwa lifti bila ya kuliona jua. Lakini njia hizo aghalabu hufungwa jioni na siku za mwisho wa juma, na barabara ya juu yao ilibaki tupu kama kijiji kilichohamwa. Duka kubwa la Foley's, lililofunguliwa Main Street mwaka 1947 na kuwa mahala pa watu kukutana, jengo lake lilibomolewa mwaka 2013. Mji wenye mamilioni ya watu ukakosa mahala pa kuonana uso kwa uso. Hilo ndilo jeraha linalotibiwa kwa kufunga barabara, na meza za mikahawa ni bendeji tu.

Inafaa tukumbuke pia kwamba Kombe la Dunia kwa kawaida huchezwa Juni na Julai, wakati jua la Houston halimhurumii mtu. Wageni wa kandanda hupita kwa majuma machache kisha huenda zao. Wenyeji ndio wanaobaki, na majira ya wenyeji kukaa nje ni kuanzia Novemba hadi Machi. Barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya wageni wa kiangazi itahukumiwa kwa kipimo cha wenyeji wa baridi.

SI JAMBO GENI KWETU

Wamarekani wanalisimulia jambo hili kama uvumbuzi. Sisi tuliozaliwa Mji Mkongwe wa Unguja, Mombasa ya Kale au Lamu tunalijua tangu utotoni. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikujengwa kwa ajili ya gari, na Lamu hadi leo punda ndiye mwenye njia. Miji hiyo ilipoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, Mji Mkongwe mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001, ulimwengu ulikuwa ukitambua jambo ambalo bibi zetu walilichukulia kuwa la kawaida: kwamba mtu aweza kutoka nyumbani, akaenda sokoni, msikitini na kwa jirani, akarudi, bila ya kupisha magurudumu.

Na kula nje usiku je? Nani katika sisi asiyeijua Forodhani? Jina lenyewe latokana na forodha, mahala pa kutozwa ushuru wa bidhaa ziingiazo kwa bahari. Tazameni basi mambo yanavyofanana: Forodhani iko pale jahazi lilipotua, na Main Street ya Houston inaanzia pale mashua zilipotia gati. Bustani ya Forodhani ilikuwa imechakaa, na baada ya matengenezo yaliyosimamiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ilifunguliwa tena mwaka 2009. Baada ya magharibi taa huwashwa, na watu hujaa: mishkaki, pweza, mkate wa ufuta, urojo, maji ya miwa yaliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Mombasa nako watu huteremka Mama Ngina, kwenye ukingo wa bahari uliotengenezwa upya mwaka 2019, wakala mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, na madafu ya kuteremshia.

Lakini kuna jambo moja ambalo ningependa tulitazame kwa makini, nalo ni baraza. Nyumba za kwetu zina baraza la mawe mbele ya mlango. Mwenye nyumba ndiye aliyelijenga, lakini mpita njia hukaa bila ya kuulizwa. Mzee hupumzika hapo akitoka sokoni, vijana hucheza bao, muuza kahawa hupita akigonganisha vikombe vyake, na asiye na senti hukaa sawasawa na mwenye nazo. Forodhani vilevile: familia yaweza kuja na watoto sita, ikanunua mkate mmoja na maji ya miwa gilasi mbili, ikakaa ukutani hadi saa tatu ya usiku ikitazama bahari na vijana wanaojirusha majini. Hakuna mtumishi atakayekuja kuuliza kama mmekwisha kula.

Hapo ndipo penye mashaka na meza za Main Street. Meza ya mkahawa si baraza. Ina mwenyewe, na bei ya kuikalia ni chakula na kinywaji, tena na bakshishi juu yake. Barabara iliyokuwa ya kila mtu ikijazwa meza za kulipia tu, basi itakuwa imetolewa kwa wenye magari na kukabidhiwa wenye fedha. Mpita njia wa kawaida atabaki vilevile alivyokuwa, akipita ukingoni.

HAKI YA NJIA

Dini yetu ililizungumza jambo la kukaa njiani karne kumi na nne zilizopita. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipoeleza kwamba hawana budi, kwani huko ndiko wanakozungumzia mambo yao, hakuwafukuza. Aliwataka waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Na kuondoa njiani kinachoudhi kumehesabiwa kuwa ni tawi miongoni mwa matawi ya imani. Mafundisho hayo, kwa maoni ya safu hii, ni kipimo kizuri kuliko vipimo vingi vya wahandisi. Tuipime Main Street kwa kipimo hicho.

Kwanza, kuzuia maudhi. Meza na vyungu vya maua visizibe njia ya mzee mwenye mkongojo, mama mwenye kigari cha mtoto, wala mtu wa kiti cha magurudumu. Sheria ya Marekani ya haki za watu wenye ulemavu, ya mwaka 1990, inawapa haki ya kupita, na mwenye mzazi asiyeweza kutembea asione haya kuidai. Magari yakiondolewa, mahala pa kumteremshia mzee huyo pasiwe mbali.

Pili, watoto. Mzazi akiona barabara haina magari, moyo hutulia na mkono humwachia mtoto. Main Street si Forodhani. Treni ingali ikipita katikati, tena kwa sauti ndogo kuliko lori, na barabara zinazokatiza zina magari kama kawaida. Mkono wa mtoto mdogo usiachwe.

Tatu, pombe. Hapa hatuna haja ya kuficha maneno. Sehemu ile ina mabaa mengi, na kila usiku unavyoingia ndivyo sura ya barabara inavyobadilika. Penye wengi pana mengi. Wako watakaosema kwamba mahala penye ulevi si petu kabisa, na wako watakaosema kwamba mkahawa usiouza pombe hauharamiki kwa jirani yake. Masuala ya fikihi tuwaulize masheikh wetu, kwani safu hii si mahala pa fatwa. Lakini kwa upande wa busara ya mzazi, tofauti kati ya saa kumi alasiri na saa tano usiku ni kubwa, na familia inayokwenda mapema hukuta mahala pengine kabisa. Kuhusu chakula chenyewe, tuulize bila ya haya: nyama imechinjwa na nani, mafuta ya kukaangia ni ya nini, mchuzi umetiwa divai au haukutiwa. Mtumishi mwema hakasiriki kuulizwa.

Nne, sala. Wengi hawajui kwamba mtaa mmoja tu kutoka Main Street, katika pembe ya Travis na Franklin, liko jengo la mawe lenye nguzo kubwa lililojengwa mwaka 1928 kuwa Houston National Bank. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos na mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu wa Houston Rockets, alilinunua mwaka 1994, nalo likawa Islamic Da'wah Center. Mahala palipokuwa pa kuhesabia fedha za riba pakawa mahala pa kusujudu. Kwa hiyo familia iliyotoka matembezini alasiri haina udhuru wa kukosa magharibi. Ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, ila tuhakikishe kwanza saa za kufunguliwa milango.

RIZKI

Meza zikitolewa nje, kuna wanaopika, wanaoosha vyombo, wanaobeba sahani na wanaofagia usiku wa manane. Wengi wao ni wahamiaji, na miongoni mwao wamo watu wetu. Msimu wa watu wengi huwaongezea saa za kazi, na baridi ya ghafla huwapunguzia: upepo ukivuma, meza huondolewa na wafanyakazi hurudishwa nyumbani. Anayefanya kazi ya namna hiyo asipange kodi ya nyumba kwa kutegemea wiki nzuri.

Wenye mikahawa wa jamii zetu, kwa upande mwingine, hawako Main Street. Wako Hillcroft, Bissonnet na Alief upande wa kusini-magharibi mwa Houston, na huko Dallas wako pembezoni, katika safu za maduka zenye uwanja mkubwa wa kuegesha magari mbele. Mwaka 2020 Houston iliwaruhusu wenye mikahawa kutumia sehemu ya maegesho yao kuweka meza. Somo la mwaka ule lisisahaulike. Baraza letu laweza kuwa pale pale tulipo. Kwa idhini ya mwenye kiwanja na ya mji, nafasi za magari manne zaweza kuwa mkeka, mabenchi na buli la kahawa, na mtu asilazimike kwenda katikati ya mji kutafuta jambo ambalo sisi ndio mabingwa wake.

Akina mama wanaopika majumbani nao wajue haki yao. Sheria ya Texas ya chakula kinachotengenezwa nyumbani, iliyoanza mwaka 2011 na kupanuliwa mara kadhaa baadaye, inamruhusu mtu kuuza baadhi ya vyakula alivyopika jikoni mwake, mathalan mikate, keki na biskuti, bila ya leseni ya mkahawa, mradi awe amepata mafunzo ya usalama wa chakula na aandike maelezo yanayotakiwa kwenye pakiti. Vileja na mkate wa kumimina vyaingia humo. Sambusa za nyama haziingii: hizo zataka jiko lililokaguliwa na kibali cha idara ya afya. Anayetaka kuuza mbele za watu aanze na kile sheria inachomruhusu, kwani faini moja humeza faida ya mwezi.

MOTO WA NJE UBAKI NJE

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Mikahawa inayolisha watu nje wakati wa baridi hutumia vipasha joto vya gesi, vile virefu vyenye kofia ya bati. Huwa salama penye hewa. Lakini hema likifungwa pande zote ili kuzuia upepo, moto huo hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua kimya kimya. Ukiingia mahala kama hapo ukaumwa kichwa au ukaona kizunguzungu, toka nje na watoto wako, kisha uulize baadaye.

Februari 2021 Texas ilipigwa na dhoruba ya barafu. Umeme ulikatika kwa siku kadhaa katika mamilioni ya nyumba. Kwa hesabu ya Idara ya Afya ya jimbo, watu 246 walikufa kwa sababu ya dhoruba ile. Wengi waliuawa na baridi yenyewe, lakini wako waliouawa na gesi hiyo, kwa kuwasha makaa au jenereta ndani ya nyumba, au kuacha gari likinguruma gereji ili wapate joto. Sisi tunaotoka katika nchi za jiko la makaa tumo hatarini zaidi, kwani kwetu jiko hilo ni rafiki. Nyumba za kwetu zilikuwa na madirisha yasiyozibwa na paa lenye kupitisha hewa. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo. Jiko la makaa, jiko la kuchomea mishkaki na kipasha joto cha nje visiingizwe ndani hata baridi iwe vipi, na kila nyumba iwe na kengele ya kutambua gesi hiyo, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya jozi ya viatu.

RAMADHANI YAINGIA BARIDI

Liko jambo jingine linalofanya mazungumzo haya yawe ya wakati wake. Ramadhani, inayorudi nyuma siku zipatazo 11 kila mwaka, sasa imefika katika majira ya baridi ya Texas. Ile ya mwaka 2026 ilihesabiwa kuanza katikati ya Februari, ya mwaka 2027 yatarajiwa mapema Februari, na ya mwaka 2028 mwishoni mwa Januari. Kwa miaka kadhaa ijayo magharibi itaingia kati ya saa kumi na moja na nusu na saa kumi na mbili na nusu jioni, katika hali ya hewa ya kukaa nje. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanaijua futari ya mezani nyumbani na ya ukumbini msikitini. Hawaijui futari ya mji, pale mtaa mzima unapotulia kungoja adhana kisha unapochangamka kwa pamoja. Barabara isiyo na magari, iliyo jirani na msikiti, katika usiku wa baridi ya wastani, ni nafasi ambayo babu zetu wangeitambua mara moja.

Nafasi hiyo haitakuja yenyewe. Safu hii yapendekeza tuombe mambo manne. Kwanza, viti na mabenchi ya bure yawe mengi, mbali na meza za mikahawa, ili asiyenunua naye apate pa kukaa. Pili, ziwepo siku au saa maalumu za familia, bila ya ulevi na bila ya muziki wa kupasua masikio. Tatu, wauzaji wadogo wapewe nafasi kwa ada wanayoiweza. Nne, viwepo vyoo safi na maji, kwani mahala pasipo choo si mahala pa wazee wala watoto.

Na njia ya kuomba iko wazi. Mkaazi wa Houston au wa Dallas aweza kupiga simu nambari 311 akaeleza haja yake. Halmashauri za miji hii husikiliza wakaazi, na anayejiandikisha kwa wakati hupewa dakika chache za kusema. Asiyejua Kiingereza vizuri afuatane na kijana wake. Kijana atakayemsikia mama yake akizungumza mbele ya Meya hatausahau mji ule kuwa ni wake.

Kwa anayetaka kwenda kujionea, treni nyekundu ya METRORail ina kituo cha Preston ndani ya sehemu hiyo hiyo, na nauli ni dola moja na robo. Ni nafuu kuliko kuegesha gari katikati ya mji. Wenzetu wa Fort Worth watakaokwenda kuitazama bustani ya Dallas wakumbuke kwamba treni ya TRE kwa kawaida haitembei Jumapili. Vaeni nguo za tabaka, chukueni koti la mtoto hata kama jua linawaka, na thermosi ya chai ya maziwa haijawahi kumdhuru mtu.

Miji ya huku ilijengwa kwa ajili ya gari, na sasa inajaribu kujifunza upya namna ya kukaa pamoja. Sisi tulikuja na elimu hiyo katika mizigo yetu bila ya kujua kwamba ina thamani. Tuitoe basi, tuifundishe kwa adabu, nasi wenyewe tuipe njia haki yake.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao, inshaallah.